Mke Ambaye Hakungojea Bandarini



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna waume ambao kazi yao ni safari. Yuko mke wa dereva wa lori la masafa marefu, yuko mke wa askari, yuko mke wa mvuvi, yuko mke wa baharia. Nyinyi hamhitaji kuelezwa maana ya kuhesabu siku. Mnajua jinsi mtoto anavyojifunza kutembea baba yake asiwepo, na jinsi baba anaporudi nyumbani anavyokuwa kama mgeni kwa juma zima, hajui kijiko kinawekwa wapi wala mtoto gani anaumwa na nini. Tangu zamani, karibu kila mahali penye bahari, mambo yamegawanywa hivyo: mume anakwenda, mke anabaki.

Mwezi huu nataka tumkumbuke mama mmoja wa Marekani ambaye hakuukubali mgawanyo huo. Aliolewa na baharia, lakini hakubaki bandarini kupunga leso. Aliingia chomboni pamoja na mumewe, akaizunguka dunia nzima kwa matanga, si mara moja wala mbili, bali mara saba. Akazaa wana wawili, na wao wakalelewa kati ya nchi kavu na maji. Alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 95.

Jina lake ni Electa Johnson. Rafiki zake walimwita Exy. Electa ni neno la Kilatini lenye maana ya "mteule", na wale wanaosoma Waraka wa Pili wa Yohana watakumbuka kwamba mama anayeandikiwa pale naye anaitwa hivyo, yeye na watoto wake. Sidhani wazazi wake walikuwa wanawaza merikebu walipompa jina hilo mwaka 1909. Walimsomesha vizuri, akapita katika chuo cha wanawake cha Smith, kule Massachusetts. Kwa hesabu za siku zile, binti wa namna hiyo angeolewa na mwanasheria au mwalimu, akawa na nyumba yenye bustani.

Lakini mwaka 1931 alipanda skuna moja iitwayo Wander Bird, chombo cha matanga kilichokuwa kikibeba vijana kuvuka bahari ya Atlantiki. Humo ndani alikuwamo msaidizi wa nahodha, kijana mwenye mabega mapana, jina lake Irving Johnson. Mwaka uliofuata wakaoana.

Huyu Irving naye tumseme kidogo, maana mwanamke hawezi kueleweka vizuri bila kujua aliolewa na mtu wa aina gani. Alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Hadley, Massachusetts, mahali pa wakulima, mbali na bahari. Akiwa shambani kwao aliota bahari mchana na usiku. Alikuwa akipanda nguzo za simu na kusimama kwa kichwa juu yake, miguu hewani, ili ajizoeze kutoogopa milingoti mirefu. (Mama, fikiri mwanao anakufanyia hivyo.) Mwaka 1929 akapata nafasi katika Peking, merikebu kubwa ya Kijerumani yenye milingoti minne, akazunguka nayo ncha ya kusini ya Amerika, Cape Horn, mahali ambapo mabaharia wengi wa zamani wamezikwa bila kaburi. Dhoruba ilipowapiga, wenzake wakishikilia kamba ili wasichukuliwe na maji, yeye alikuwa ameshikilia kamera ya sinema. Picha zile ziko hadi leo. Na Peking yenyewe iko: ilikaa New York kama makumbusho kwa miaka zaidi ya 40, kisha mwaka 2017 ikarudishwa Ujerumani ikakarabatiwa.

Basi hebu jiulize, mwanamke anayeolewa na mtu kama huyu ana njia ngapi? Anaweza kumwambia, chagua mimi au bahari. Wako waliosema hivyo, na wako walioshinda, lakini wengine walioshinda waliishi miaka 40 na mume mnung'unikaji anayetazama dirishani. Anaweza kumwambia, nenda, nitakungoja. Wengi wetu tumechagua hiyo, au tumechaguliwa. Exy aliona njia ya tatu, nayo ni kuifanya kazi ya mume iwe kazi ya nyumba nzima.

Mfano alikuwa ameshauona kwa macho yake. Mwenye ile skuna Wander Bird, nahodha Warwick Tompkins, alikuwa akisafiri na mkewe na watoto wao. Mwaka 1936 familia hiyo ilizunguka Cape Horn kwa matanga, mtoto wao wa kiume akiwa na miaka 4 tu, pamoja na dada yake. Mimi nikisoma habari hiyo moyo unaruka. Lakini watoto wale walikua, na yule wa kiume akawa baharia mashuhuri mwenyewe.

Mwaka 1933 Irving na Exy walinunua skuna kuukuu ya Uholanzi, wakaiita Yankee. Ilikuwa imejengwa mwaka 1897 kwa ajili ya marubani. Sisemi marubani wa ndege. Nasema wale wa asili, wanaokwenda kuzipokea meli nje na kuziongoza kuingia bandarini. Skuna za marubani zilijengwa ngumu kuliko kawaida, kwa sababu ilizipasa kukaa nje katika bahari chafu ya kaskazini, usiku na mchana, zikingoja meli. Haikuwa kubwa. Kutoka omo hadi tezi haikufika futi 100. Chukua nyumba chache za mtaani kwako zilizobanana, zifunge kamba, kisha uzitupe baharini na watu ishirini na zaidi ndani yake kwa mwaka mmoja na nusu.

Watu ishirini walitoka wapi? Hapa ndipo penye akili ya jambo lenyewe. Johnson na mkewe hawakuwa matajiri wa kuweza kuendesha merikebu kwa fedha zao. Walitafuta vijana, wa kiume na baadaye wa kike pia, waliotaka kuiona dunia, na kila mmoja akalipa sehemu yake ya gharama. Wakisha kulipa, hawakuwa abiria. Walitweka matanga, walishika usukani, walikaa zamu za usiku, walipaka rangi, walisugua sitaha, walipanda mlingotini mvua ikinyesha. Wataalamu walikuwa wachache sana. Kijana aliyekuwa hajawahi kufua soksi zake mwenyewe alirudi kwao baada ya miezi 18 akiwa mtu mwingine. Mmoja wa waliofanya kazi katika Yankee miaka ya 1936 hadi 1938, Sterling Hayden, baadaye akawa mchezaji mkubwa wa sinema, lakini maisha yake yote alijihesabu kuwa ni baharia kwanza.

Ni haki kusema pia kwamba vijana wale walitoka katika nyumba zenye uwezo. Miaka ile ya 1930 Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, watu wanapanga foleni ya mkate. Mtoto wa mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani hakuwa na fedha ya kuzunguka dunia. Hili tusilifiche.

Safari ilianzia Gloucester, bandari ya wavuvi ya Massachusetts. Wakateremka hadi mfereji wa Panama, wakaingia bahari ya Pasifiki, wakapita visiwa vya Galápagos, Pitcairn, Tahiti na vinginevyo vingi, wakafika Asia, wakavuka Bahari ya Hindi, wakaizunguka Afrika kwa kusini, kisha wakapanda Atlantiki kurudi nyumbani. Daima walielekea magharibi. Sababu ni upepo: karibu na mstari wa ikweta, katika bahari zile kuu, kuna pepo zinazovuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na chombo cha matanga chenye busara hakigombani nazo. Watu wa mwambao wa kwetu, waliozoea kusi na kaskazi, hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Mara tatu waliizunguka dunia na skuna ile, kati ya mwaka 1933 na 1941. Kisha vita kuu ikaingia Pasifiki. Skuna ikauzwa. Irving akachukuliwa na jeshi la majini la Marekani, akafanya kazi katika meli ya upimaji, kuchora ramani za miamba na visiwa ambavyo yeye alikuwa amekwisha kuvipitia kwa matanga. Katika meli ya kivita hakuna kitanda cha mke. Kwa hiyo hata Exy, ambaye hakungojea, naye alingojea, akiwa na watoto wawili wadogo, kama mamilioni ya wanawake wa miaka ile. Nadhani ni vizuri tulijue hilo. Mwanamke huyu aliionja hali yetu.

Vita ilipokwisha walipata chombo kingine, hiki cha chuma, kilichokuwa cha marubani wa Ujerumani tangu mwaka 1912. Wakakifunga matanga ya mraba katika mlingoti wa mbele, wakakiita Yankee pia. Kati ya 1947 na 1958 wakazunguka nacho dunia mara nne. Wana wao walisafiri nao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimchague mama huyu.

Angalia miaka. Safari ilichukua miezi kama 18. Wakirudi, walikaa Marekani miezi mingine kama hiyo, ndipo wakaondoka tena. Miaka mitatu, safari moja. Miaka mitatu, safari moja. Mpango huo waliushika tangu wakiwa vijana mpaka nywele zilipoanza kubadilika, ukakatizwa na vita peke yake. Mke alijua mwaka ambao angekuwa baharini na mwaka ambao angekuwa na jiko lisiloyumba. Bibi na babu walijua ni lini wangewaona wajukuu. Kila aliyetaka kujiunga alijua siku ya kuondoka.

Mimi naamini siri ya ndoa ile ilikuwa katika kalenda kuliko katika bahari. Mke wa dereva hawezi kupanda lori na watoto watatu akaenda nalo hadi mpakani; hilo najua, na simwambii afanye hivyo. Lakini kinachomchosha mara nyingi si kule kutokuwapo kwa mume. Ni kutojua. Anaambiwa Ijumaa, inakuwa Jumatano. Anaambiwa baada ya mwezi, unapita wa tatu. Chakula kinapikwa kinalala. Watoto wanavalishwa nguo nzuri wanazilalia. Mume angeweza kusema, "Nitakuwa nje miezi miwili, kisha nitakuwa nyumbani wiki mbili, na wiki hizo ni zenu, hata tajiri akiniita," akalishika neno lake, na nyumba ikatulia. Wazee wa vyombo vya matanga walikuwa na nafuu hapo: upepo ulikuwa na majira, nao hauhongeki.

Na ndani ya chombo, Exy alikuwa nani? Wengine hudhani alikuwa mke wa nahodha anayekaa kwenye kiti na kufuma. Alikuwa mshauri, mwandishi na mkalimani. Alipenda lugha, akajifunza za watu wa huko walikokwenda, hata yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa merikebu ikitia nanga mahali pageni. Penye wengi pana mengi, na vijana ishirini waliofungiwa pamoja miezi 18 wana mengi kupita kiasi: wivu, mapenzi, ugomvi wa sabuni, mmoja analia kwa kukumbuka kwao, mwingine ana homa. Maji matamu yanapimwa. Nguo hazikauki. Nahodha hawezi kuwa jemadari na mama kwa saa ileile. Kazi ya aina hii haiandikwi katika kitabu cha safari kwa sababu haina digrii wala maili.

Walitunga vitabu vingi pamoja. Tazama majina yaliyo juu ya majalada. Kile cha kwanza cha mwaka 1936, kiitwacho Westward Bound in the Schooner Yankee, kimeandikwa kwamba watungaji ni Kapteni na Bibi Irving Johnson. Kilichofuata mwaka 1939, vivyo hivyo. Mke amezunguka dunia, ameshika kalamu, na jina lake mwenyewe halimo! Ndiyo ilivyokuwa adabu ya siku zile, na kwetu pia mama wengi wanajulikana kwa jina la mume au la mtoto wa kwanza, wala si lazima iwe dharau. Lakini kitabu cha mwaka 1949, Yankee's Wander-World, kina majina mawili: Irving na Electa Johnson. Kati ya jalada lile na hili kuna miaka 13, vita moja, watoto wawili, na maelfu ya maili.

Sehemu moja waliyoipenda ni Pitcairn, kisiwa kidogo sana kilicho peke yake katikati ya Pasifiki. Wakazi wake ni wazao wa mabaharia wa Kiingereza walioasi katika meli Bounty, wakafika pale mwaka 1790 pamoja na wenyeji wa Tahiti, wanawake kwa wanaume, wakaichoma meli ili wasionekane. Mwanzo wao ulikuwa wa damu na mauaji. Baadaye kisiwa kizima kikawa cha watu wa sala, na katika karne ya 19 wakawa Wasabato. Hakuna bandari, meli ikifika, watu hutoka kuilaki kwa mashua zao katika mawimbi. Yankee ilirudi pale tena na tena. Hebu fikiri maana ya mgeni anayerudi kila baada ya miaka michache mahali ambapo meli ni adimu. Uliyemwacha tumboni unamkuta anakimbia. Mwaka 1957 Irving na vijana wake waliopoa kutoka chini ya maji nanga moja ya ile Bounty, wakawaachia wenyewe. Iko kisiwani hadi leo. Wangeweza kuichukua kwao ikawatajirisha.

Mwaka 1958 waliiuza merikebu. Walikuwa wamefika umri wa miaka hamsini, na watoto walikuwa wamekua. Yankee ilipita katika mikono mingine, na mwaka 1964 ikapanda mwamba huko Rarotonga, ikafia hapo. Chombo kile kile kilikuwa kimezunguka dunia mara nne chini ya watu waliokijua.

Wao hawakukaa kitako. Walijengewa Uholanzi chombo kidogo ambacho milingoti yake iliweza kulazwa ili kupita chini ya madaraja, wakaiita Yankee ya tatu. Wakaingia nayo katika mifereji na mito ya Ulaya, kisha Misri katika mto Nile, mto huu huu unaoanzia katika maziwa yetu. Sasa hapakuwa na vijana ishirini wa kulea. Sehemu hii ya maisha yao huwa inapitwa haraka na wanaosimulia, kwa kuwa haina dhoruba. Mimi naipenda kuliko zote. Wako wanandoa ambao wakiisha kulea watoto hawana tena la kuambiana, kwa maana walikuwa wakizungumza habari za watoto tu miaka yote. Hawa wawili walipobaki peke yao walinyoosha ramani mezani.

Irving alifariki mwaka 1991, baada ya ndoa ya karibu miaka 60. Exy akaishi miaka 13 ya ujane.

Kabla hajafa aliona jambo moja. Kule San Pedro, bandari ya Los Angeles, taasisi ya bahari ya mji huo ilijenga merikebu mbili pacha za matanga kwa ajili ya kuwafundisha vijana, wakiwamo wengi kutoka mitaa ya watu wenye kipato kidogo ambao wazazi wao wasingeweza kulipia safari yoyote ya baharini. Zilishushwa majini mwaka 2002. Moja ikaitwa Irving Johnson. Ya pili haikuitwa Bibi Irving Johnson. Iliitwa Exy Johnson, kwa herufi zake mwenyewe kwenye tezi.

Mwaka 2005, miezi michache tu baada ya mazishi ya mama huyu, merikebu yenye jina la mumewe ilipwelewa mchangani katika pwani ya California, ikapigwa na mawimbi siku kadhaa hata watu wakadhani imekwisha. Iliokolewa ikapelekwa kutengenezwa. Wakati huo wote Exy Johnson iliendelea na kazi.